Nyasi za Mwezi wa Pili

Asubuhi yetu ya kwanza Kitengela niliamshwa na punda milia akijikuna kwenye ukuta wa nyumba. Nyumba ilikuwa ya mabati matupu, baba alikuwa ameisimamisha kwa Jumamosi nne, na punda milia alipojikuna mgongo kila kitu ndani kilitetemeka: sufuria, taa ya mafuta, kalenda, mama. Mama aliketi wima kitandani akashika kifua. "Mayoo! Tunabomolewa!" Mimi nilichungulia kwenye tundu la msumari nikaona mistari tu, myeusi na myeupe, ikipanda na kushuka. Nikaanza kucheka, na nafikiri sikuacha kwa miaka miwili.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka magharibi, kule mvua inanyesha kila siku saa tisa kama imeajiriwa, na mnyama wa porini mkubwa kabisa niliyewahi kumwona alikuwa fuko, tena akiwa amekufa. Baba alikuwa karani katika ofisi moja Nairobi. Alichoka kupanga nyumba za watu akanunua ploti kwenye uwanda, siku hizo za mwanzo wa miaka ya tisini ambapo mtu akisema amenunua ploti Kitengela alikuwa anaulizwa kama yuko na akili timamu. Aliyeuliza zaidi alikuwa mama.

Mama aliichukia hiyo nchi waziwazi, bila aibu. Hakuna ndizi. Hakuna mto. Upepo unapiga mtu kofi mchana kweupe. Udongo mweusi, mvua ikinyesha, unakuvua kiatu na haukurudishii. Kitu kimoja tu kilimfanya akubali kuja, na hicho kilikuwa ng'ombe. Mama yake alimpa mtamba mweusi mwenye madoa meupe tumboni, akiwa na mimba yake ya kwanza, ili tusinywe chai ya rangi ugenini. Ng'ombe alikuja kwenye lori pamoja na vitanda, kichwa chake juu ya viti vya sebuleni. Tulipomshusha, mama aliweka sharti mbele ya baba, mbele yangu, na mbele ya dereva wa lori.

"Huyu akizaa salama, nitakaa. Akifia hapa, mimi na mtoto tunarudi nyumbani, na wewe ubaki na hawa punda wako waliopakwa rangi."

Baba alicheka akasema sawa. Mama hakucheka. Na mama akisema jambo bila kucheka, nyumbani kwetu hiyo ilikuwa sheria imepita bungeni.

Sasa muelewe shida yangu. Mimi nilikuwa nimepata wazimu wa furaha. Kila nilipotoka nje nilikuta kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia kipo duniani. Kulikuwa na miti mifupi yenye miiba mirefu, Wamaasai wanaiita eluai, imejaa vinundu vyeusi vyenye matundu, na upepo ukipita inapiga mluzi. Mti unapiga mluzi, jamani! Siku ya pili nilidhani vile vinundu ni matunda nikauma kimoja. Ndani mlikuwa na sisimizi wadogo wenye hasira za mwaka mzima. Nilirudi nyumbani nikiongea kama mtu aliyetoka kung'olewa meno, na mama akasema si unaona, hata miti ya huku ina watu ndani.

Kulikuwa na kobe wakubwa waliotokea mvua ikinyesha, wakivuka njia polepole kama wamebeba sanduku la harusi. Kulikuwa na mbuni aliyenifukuza nikitoka dukani, nikafika nyumbani na mfuko wa sukari mtupu na mstari mweupe nyuma yangu. Na kulikuwa na yule ndege mrefu anayeitwa karani tamba, ana manyoya kisogoni kama kalamu zimechomekwa sikioni, anatembea ameinama kidogo akikagua nyasi. Baba alimpenda sana kwa sababu ya kazi yao. Kila asubuhi akienda kupanda gari la kazini alimwinulia kofia. "Bwana karani, habari ya ofisi?"

Halafu, mvua fupi zilipokwisha na uwanda ukawa kijani, nyumbu wakaja.

Walitoka upande wa mbuga ya wanyama, mstari mrefu mweusi, siku mbili wakipita, wakatandaa kwenye tambarare iliyokuwa ng'ambo ya kijito kikavu mbele ya nyumba yetu. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akawaangalia muda mrefu. Kichwa kama cha ng'ombe, ndevu za mbuzi, mkia wa farasi, miguu ya mtu mwingine kabisa. "Huyu ameazima kila kitu," akasema, akarudi kwenye ugali wake. Mimi sikurudi ndani mpaka nilipoitwa mara tatu. Walikuwa wakiguna mchana kutwa, mmoja akianza wengine wanaitikia, kama wazee wa kanisa mahubiri yakiwakolea. Kila mara, bila sababu yoyote, mmoja aliruka juu, akajizungusha, akakimbia mbio za kufa mtu, halafu akasimama kama amesahau alikuwa anaenda wapi. Niliwaelewa kabisa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisikia.

Jirani yetu wa karibu alikuwa bibi mmoja wa Kimaasai, mjane, boma lake mwendo wa dakika kumi. Kila mtu alimwita koko, yaani nyanya. Siku ya kwanza nilipotumwa kwake nilimnyooshea mkono, kwa sababu kwetu mtoto mwenye adabu anasalimia kwa mkono, tena anashikilia. Koko aliutazama mkono wangu, akauacha hapo hewani, akaniwekea kiganja utosini akasema "Takwenya." Nikafikiri ananipima homa. Nikamwambia, "Sijambo koko, si mgonjwa." Alicheka mpaka ushanga wote ukacheka naye, kisha akanifundisha: mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anakigusa, mtoto anajibu "Iko." Nilipenda sana hiyo salamu nikawa nainamishia kichwa kila mtu, hata kondakta.

Yeye naye alipokuja kwetu mara ya kwanza alishangaa ng'ombe wetu. Kwetu magharibi ardhi ni kidogo, ng'ombe anafungwa kamba shingoni, kamba inafungwa kwenye kigingi, na kigingi kinahamishwa kadiri nyasi zinavyoisha. Koko alimzunguka ng'ombe mara mbili, akaitazama ile kamba.

"Amefanya makosa gani?" akauliza.

"Nani?" mama akasema.

"Ng'ombe. Mbona mmemfunga? Ameiba?"

Mama alikasirika siku nzima. Mimi nilicheka siku nzima, lakini nje.

Basi ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Baba alikuwa kazini nusu siku, mama alikuwa anaenda kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, akaniachia ng'ombe. "Umfunge hapo nyuma ya nyumba. Hapo tu. Umenisikia?" Nilimsikia. Lakini nyuma ya nyumba nyasi zilikuwa ndefu, kavu, zenye mbegu za kuchoma miguu, na kutoka hapo mtu haoni chochote isipokuwa choo. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na nyasi kijani mpaka kwenye shavu la mguu, laini kama mchicha, na hakuna ng'ombe hata mmoja! Majirani wote walikuwa wamehamisha mifugo yao wiki mbili kabla, wakaipeleka upande wa vilima ambako nyasi zilikuwa za kubahatisha. Nikasema moyoni, hawa watu hawajui nyasi. Kwetu, nyasi kama hizo zingepeleka ndugu wawili kwa chifu.

Nisidanganye hapa. Sikwenda kwa ajili ya ng'ombe. Nilikwenda kwa sababu nyumbu walikuwa wanazaa, na nilitaka kuona kwa karibu.

Nilimvusha ng'ombe, nikapigilia kigingi kwa jiwe kama mama alivyonifundisha, mpaka kichwa kikazama. Nyumbu walisogea kidogo, wakaguna, kisha wakaendelea na shughuli zao. Nikakaa juu ya kichuguu. Na hapo, haki ya Mungu, asubuhi moja niliona watoto watatu wakizaliwa. Mama mtu analala, anasimama, analala tena, na mara mtoto huyo chini, amelowa, rangi ya chai ya maziwa. Anatikisa masikio. Anainua sehemu ya nyuma, anaanguka kwa pua. Anainua sehemu ya mbele, anaanguka kwa makalio. Halafu anasimama, miguu minne ikielekea pande nne, na kabla hujamaliza kumpongeza tayari anakimbia! Dakika chache tu! Nilipiga makofi peke yangu. Nilimgeukia ng'ombe wetu nikamwambia, "Umeona? Siku yako ikifika fanya hivyo hivyo." Yeye alikuwa anakula kwa bidii zote.

Nilipoinua macho nikaona shuka jekundu linakuja kutoka mbali. Koko, anakimbia. Sikuwa nimewahi kuona nyanya wa mtu akikimbia. Nilimpungia mkono kwa furaha, na alipokaribia nikainamisha kichwa tayari kwa salamu. Akakipita kichwa changu kama hakipo, akaenda moja kwa moja kwenye kamba.

"Toa! Toa ng'ombe hapa! Toa sasa hivi!"

Tulivuta kigingi. Kigingi kilikataa. Ule udongo mweusi ukikauka ni saruji. Tulivuta wawili, yeye nyuma yangu amenishika kiuno, tukaanguka chali wote, miguu juu, nyumbu wakatutazama kwa mshangao mkubwa. Fundo nalo lilikuwa limekaza. Mwishowe koko akachomoa kisu kidogo kiunoni akaikata katikati kamba mpya ya mama, kamba iliyotoka nyumbani, akampiga ng'ombe mgongoni, tukamkimbiza mpaka ng'ambo ya kijito. Mimi bado nilikuwa nacheka. Nilidhani ni mchezo mzuri kuliko yote.

Ng'ambo koko aliketi chini akavuta pumzi. Hakuwa anacheka.

"Nyumbu akizaa," akasema, "anaacha ugonjwa kwa nyasi. Yeye hapana gonjeka. Ng'ombe akikula hapo, anakufa. Hakuna dawa. Hata ya mzungu hakuna."

"Atakufa leo?"

"Si leo. Mwezi moja. Pengine mbili. Inaanza kwa macho." Akagusa kope zake. "Inatoa maji, inakuwa nyeupe kama maziwa. Ukiona hiyo, basi." Kisha akainua fimbo akaonyesha ile tambarare yote. "Na hii nyasi iko na wenyewe. Mwezi hii sio yetu."

Kicheko kilinitoka mwilini kama maji kwenye karai lililopinduliwa. Nilimweleza sharti la mama, lote, pamoja na punda waliopakwa rangi. Nikamwomba asiseme. Koko alinitazama, akanitazama, akaweka kiganja utosini. "Nitakuja kuangalia macho," akasema.

Mama aliporudi aliuliza nani amekata kamba. Nikasema imekatika. "Kamba mpya?" Nikasema upepo wa huku una nguvu. Kwa kuwa aliuchukia ule upepo, aliamini.

Kesho yake koko akaja kuomba kiberiti. Siku ya tatu akaja kuomba chumvi. Siku ya tano akaja kuomba kiberiti tena. Kila akija alipitia kwa ng'ombe, akamshika kidevu, akamtazama jicho moja, akamtazama la pili, kisha akanitazama mimi na kutikisa kichwa kidogo sana: bado. Wiki ya pili mama aliniambia, "Huyu mama anapika nini na kiberiti yote hiyo?" Lakini tayari alikuwa amezoea. Kama koko amechelewa, mama alisimama mlangoni. Koko akaanza kuja na maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, mama akayakunjia pua, kisha akayapikia chai, kisha akakubali kwamba chai hiyo si mbaya, kisha akawa hataki chai nyingine.

Siku moja alimsindikiza koko mpaka kwake nikasikia nduru. Nilikimbia nikijua kuna mtu ameumwa na nyoka. Kumbe mama alikuwa amesimama katikati ya boma la zamani, lile lililohamwa, na pale kwenye mbolea ya miaka mingi mvua ilikuwa imeotesha managu, mboga za kwetu, mpaka kiunoni, majani mapana meusi kwa afya. Alikuwa anachuma kwa mikono miwili akiimba wimbo wa nyumbani. Koko ameshika mdomo.

"Anakula hiyo? Hiyo ni chakula ya mbuzi!"

"Wacha nikupikie, utajua mbuzi wako na akili," mama akasema.

Alimpikia, na mtindi kidogo juu. Koko alionja kwa ncha ya ulimi, akafikiri, akamaliza sahani, akasema si mbaya kwa mtu ambaye hana nyama. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ilipoleta kumbikumbi na mama akaanza kuwakaanga, hapo koko alikataa katakata. Aliketi akatuangalia tukitafuna, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama anayetazama watoto wa njaa.

Mimi kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa kwenye zizi. Nilimshika ng'ombe pembe, nikasogeza uso mpaka pua zetu zikagusana, nikatafuta weupe. Jicho jeusi, safi, na ndani yake msichana mdogo mwenye sare ya shule. Aliniramba kila siku, nilikwenda darasani nikinuka mate. "Unamwambia nini huyo ng'ombe?" mama aliuliza. "Namsalimia." Usiku nilisali sala zangu mwenyewe. Mungu, kama ni lazima macho ya mtu yawe meupe, chukua yangu, mimi nitavaa miwani. Mchana nilisahau, nikawafuata kanga kwenye miiba, nikacheka na ndege na mijusi; halafu ghafla nikakumbuka, nikarudi mbio zizini. Sijawahi tena kuwa na furaha na hofu nyingi namna hiyo ndani ya mwili mmoja mdogo.

Wiki ya tano, asubuhi, jicho la kulia lilikuwa linatoa machozi. Kwenye kona kulikuwa na ute mweupe.

Nilikimbia mpaka jikoni. "Mama! Nimeua ng'ombe!"

Mama aliacha uji ukichemka akatoka mbio. Akamkuta ng'ombe anacheua. "Ameuawa akitafuna?" Nikamwaga yote kwa pumzi moja: nyumbu, kichuguu, nyasi, kigingi, kisu, ugonjwa, koko, kiberiti. Nilipofika kwenye kiberiti mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Jikoni uji uliungua.

"Kwa hivyo hakuja kwa chai yangu," akasema. Basi. Hilo ndilo alilosema la kwanza.

Tulikwenda kwa koko wote wawili. Koko alikuja, akamshika ng'ombe kidevu, akavuta kope. Mimi nilifumba macho yangu. Nilisikia ng'ombe akipuliza, nikasikia koko akiguna, kisha kicheko. Nilipofumbua, koko alikuwa amenyoosha kiganja. Juu yake mbegu moja ya nyasi, kavu, yenye mkia mrefu. Aliitoa ndani ya kope.

"Hii ni ya wapi?" akauliza.

Ilikuwa ya nyuma ya nyumba. Pale pale nilipoambiwa nimfunge. Koko alicheka mpaka akaketi, mama akajaribu kubaki na hasira ikamshinda, akaketi kando yake akacheka hadi machozi. Kisha akamgeukia.

"Na chai?"

"Chai ni nzuri," koko akasema. "Kiberiti ninayo kumi na moja. Nitakurudishia. Lakini chai nitakuja."

Mimi nilikuwa bado nimesimama nikingoja hukumu. Mama alijifuta macho kwa leso.

"Ulienda huko kufanya nini hasa?"

"Kuona nyumbu wakizaa."

"Wanazaa aje?"

Nikamwonyesha. Nilianguka kwa pua, nikaanguka kwa makalio, nikasimama miguu imetapanyika, nikakimbia. Mama aliniangalia kwa makini kama anayesikiliza redio.

"Nipeleke," akasema.

Ng'ombe alibaki nyumbani na koko. Wengi walikuwa wamekwisha kuzaa, lakini tulipokaa juu ya kile kichuguu hatukungoja sana. Jike mmoja aliyechelewa akalala, akasimama, akalala. Mama alinikaza mkono mpaka kucha zikaingia. Mtoto akaanguka chini. Pua. Makalio. Miguu minne pande nne. Na aliposimama, mama yangu, mama aliyeichukia hiyo nchi, alitupa kichwa nyuma akapiga vigelegele, vile virefu vya nyumbani, vya mtoto kuzaliwa. Tambarare yote ililipuka! Nyumbu mia wakaruka juu, wakajizungusha, wakakimbia huku, wakakimbia kule, na yule mtoto wa dakika tano akakimbia nao.

"Wewe ulichukua mwaka mzima kutembea," mama akaniambia, akihema. "Mwaka mzima nikikubeba."

Ng'ombe wetu alizaa mwezi wa tano, mchana, mvua ikipiga mabati. Koko alimvuta ndama, mama akamfuta, mimi nikaangalia macho ya mama mtu, yote mawili, meusi, safi. Ndama alichukua saa nzima kusimama. Nikasema huyu ni mvivu, nikapigwa kofi dogo la furaha. Baba aliporudi kazini jioni alikuta chai ya maziwa yetu wenyewe mezani na hakuna mtu aliyesema chochote kuhusu sharti. Alikunywa vikombe vitatu akimtazama mama kwa pembeni. Ile kamba iliyokatwa ikawa ya kuanika nguo.

Nimesema nilicheka miaka miwili. Naongeza: mama alicheka zaidi. Kila mwezi wa pili alikuwa anahamisha ng'ombe wake pamoja na wa koko, bila kukumbushwa, na tulikwenda kwenye kichuguu watatu.

Halafu watu wakaja, watu kama sisi. Siwezi kuwalaumu, sisi ndio tuliowatangulia. Miaka ya elfu mbili ilipoingia kulikuwa na ua baada ya ua, nyumba za mawe, machimbo yakilipuliwa upande wa kusini mpaka vikombe vinalia kabatini. Punda milia walikosa ukuta wa kujikunia kwa sababu kila ukuta ulikuwa na waya. Nyumbu wa mstari wa siku mbili wakawa wa asubuhi moja. Kisha wakawa ishirini. Kisha ukapita mwaka mzima bila hata mmoja, na mwingine. Tambarare ilibaki, kipande tu, kwa sababu koko na wanawe walikataa kuuza.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Nairobi wakati huo, nakuja mwisho wa wiki. Jumamosi moja ya mwezi wa pili nilimkuta mama ng'ambo ya kijito akipigana na kigingi. Jirani mpya, kijana mpole kutoka kwetu huko huko magharibi, alikuwa amefunga ng'ombe wake kwenye ile nyasi nzuri iliyokuwa imekaa bure.

"Toa! Toa ng'ombe hapa!" mama alikuwa anapiga kelele, kwa Kiswahili cha koko kabisa. "Hii nyasi iko na wenyewe!"

"Wenyewe ni akina nani, mama?" kijana akauliza. Aliangalia huku na huku. Hakukuwa na mtu wala mnyama. Mama alimpa upande mmoja wa kigingi avute.

Mwaka huo huo, siku kumi baadaye, simu yangu ililia ofisini. Mama hakusalimia. "Toka kazini," akasema. "Wamekuja. Wanne."

Nilitoka. Sikumbuki nilimwambia nini mkubwa wangu. Nilipofika, koko alikuwa ameletwa juu ya kichuguu na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki, macho yake mwenyewe sasa yana ukungu mweupe wa uzee. Niliinamisha kichwa, akakipapasa, akakigusa. "Niambie," akasema. Kwa hivyo mama akamwambia: sasa analala. Sasa anasimama. Sasa yuko chini, koko, yuko chini, ni rangi ile ile. Pua. Makalio. Amesimama! Na koko, akiwa na miaka ambayo hakuna aliyejua idadi yake, alicheka kama siku ile tulipoanguka chali miguu juu. Mama alijiziba mdomo kwa leso asipige vigelegele, ili wasikimbie.

Mwaka uliofuata hawakuja. Mwezi wa pili ulipoingia mama aliwahamisha ng'ombe wake wote, asubuhi na mapema, akarudi akampitia koko kwa chai. Yule kijana jirani naye alikuwa amehamisha wake.

"Hata mimi sijaona mmoja," mama alimwambia kijana alipomuuliza kama wamekuja. "Lakini wakija, wakute nafasi."